Mgongo wa Uwanja

Mume wangu Norb aliniposa kwenye mechi ya futiboli, kati ya jaribio la tatu na la nne. Timu ya shule yetu ilikuwa inapigwa vibaya, manyunyu yalikuwa yanatuingia shingoni, na vijana walikuwa wamebakiza yadi mbili tu wakashindwa kuzipata. Wakati wanajipanga upya, Norb akasema bila kunitazama, "Alvera, unaweza kuishi kwenye nyumba inayonuka ng'ombe?" Nikamwambia asubiri kwanza wapige mpira. Wakaupiga, ukaenda kombo, nami nikamjibu kwamba naweza.

Naanza na hilo ili ijulikane kwa nini sikuwa na haraka ya kuipenda soka. Wageni huicheka futiboli yetu ya Kimarekani, hii ya kofia ngumu na mabega ya plastiki, wakisema tunacheza kidogo na kusimama sana. Ni kweli, tunasimama sana. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na kila jaribio likiisha wote wanasimama, wanapumua, wanapanga. Hapo kwenye kusimama ndipo mji wetu unapoishi. Hapo ndipo unapomuuliza jirani kama ameshavuna soya, ndipo mtoto anapoelezwa kilichotokea, ndipo mtu anaponyanyuka kwenda kununua mkate uliotiwa nyama ya kuku na asikose kitu.

Norb alifuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote, na nyumbani anaongea kama mtu anayelipia kila neno. Mkalishe kwenye benchi la chuma Ijumaa jioni, mpira usimame, utashangaa. Habari zote kubwa za ndoa yangu nimepewa kwenye nafasi hizo. Hapo niliambiwa kwamba mama yake hatapona. Hapo niliambiwa kwamba ng'ombe wanauzwa, na siku hiyo nililia mpaka mapumziko. Na hapo, miaka michache iliyopita, akaniambia kwamba namba za migongoni mwa wachezaji zimeanza kumpotea.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kiangazi. Nyamaza, wanaanza."

Ugonjwa wake unakula katikati ya macho. Kingo anaziona, katikati hakuna kitu, kwa hiyo akitaka kukuona uso inabidi aangalie sikio lako. Basi mimi nikawa macho yake. Kila Ijumaa namkalisha, namfunika blanketi magotini, naanza kazi.

"La pili, bado sita. Kapewa yule mnene, kaenda kulia, kaangushwa. Kapata tatu."

"La tatu, bado tatu," anamalizia mwenyewe, na uwanja wote umekaa kichwani mwake kama meza iliyoandaliwa. Watu wa benchi la mbele wakaanza kunisikiliza mimi badala ya kutazama. Sijisifu, lakini kazi hiyo naiweza.

Halafu mjukuu wetu Maren akaenda kucheza soka.

Maren ni mtoto pekee wa mwanetu Kurt. Shule ilipoanzisha timu ya soka ya wasichana tulidhani ni jambo la kupita, kama kile kipindi alichotaka kufuga sungura. Kila Kombe la Dunia likija, watu wa televisheni hutangaza kwamba safari hii soka itashika nchi hii, na kila mara haishiki. Si kwamba ni mchezo mbaya. Ijumaa ni ya shule, Jumamosi ni ya chuo kikuu cha jimbo, Jumapili baada ya misa ni ya wale wanaolipwa. Soka inaingia inakuta viti vimeshakaliwa, na waliovikalia waliachiwa na baba zao. Wasichana wetu walipewa Jumanne, na Jumamosi chache, na uwanja uleule wa futiboli wenye mistari myeupe, yao wakichorewa ya manjano juu yake.

Miaka mitatu tulikuwa na visingizio. Baridi, mavuno, goti langu. Ulipofika mwaka wake wa mwisho, naye ni nahodha, visingizio vikatuishia. Jumanne moja ya Septemba nikamchukua Norb, tukaenda.

Jukwaa linalobeba mji mzima siku ya Ijumaa lilikuwa na wazazi wachache na mablanketi yao. Len Puthoff, jirani yetu, ambaye husimamia kibanda cha chakula nyuma ya mabenchi, alituona kutoka mbali.

"Norb! Umepotea njia? Leo si Ijumaa."

"Nimekuja kumsikiliza mjukuu wangu."

"Utasikia viatu tu. Mimi hapa nakufa njaa, ndugu yangu. Mpira hausimami, watu hawanyanyuki, hii mikate namuuzia nani? Futiboli ni mchezo. Haya ni mazoezi ya mbio."

"Wewe ungekuwa na mbio tungechukua kombe mwaka ule," Norb akamjibu, na Len akacheka mpaka akashika meza. Walicheza pamoja ujanani, na hakuna Ijumaa ambayo mwaka ule hautajwi.

Tukakaa. Filimbi ikalia. Nikaanza kazi yangu kwa kujiamini kabisa.

"Maren anao. Katoa. Sasa anao yule aliyefunga nywele mkia, aa, wote wana mikia. Kapokonywa. Wanakuja kwetu. Hapana, wanarudi. Maren... sio Maren..."

"Jaribio la ngapi?"

"Hakuna majaribio, Norb."

"Sasa nitajuaje tuko wapi?"

"Tuko katikati. Tulikuwa. Sasa tuko kwao. Basi, wameshanyang'anya tena."

Nilikuwa nahema kama ninayekimbia mwenyewe. Mdomo wangu ulikuwa unasema jambo ambalo macho yangu yalishaliacha zamani, na nikijaribu kulifikia linatokea lingine. Kisha mpira ukatoka nje. Norb akasikia ukimya kidogo, akafanya kama alivyozoea. Akaniegemea bega, akasema kwa ile sauti yake ya Ijumaa, "Unajua, mama, nimekuwa nikifikiria habari za lile shamba la chini..."

Mpira ulikuwa umesharushwa, na Maren anakimbia nao.

"Nyamaza, Norb!" nikamkaripia.

Yeye huninyamazisha kila wiki, na sijawahi kujali. Mimi sikuwa nimemnyamazisha hata mara moja kwenye benchi lile. Akafunga mdomo, nikamgeukia nimwombe radhi, na hapohapo watu wote wakanyanyuka wakipiga kelele.

"Nini? Nini hiyo?"

"Maren kafunga!"

"Kafungaje?"

Sikuweza kumwambia, kwa sababu nilikuwa namtazama yeye.

Mechi ilipoisha Maren alikuja mbio, nywele zimemganda usoni. "Babu! Vipi lile goli?"

"Zuri sana," Norb akasema.

"Lilikuwa la mguu gani?"

Alimuuliza kwa utani tu, anacheka. Norb akatabasamu kwa heshima kama mtu anayesalimiwa na asiyemjua. Kicheko cha Maren kikapungua taratibu kikaisha.

Kwenye gari, tulipokuwa tunapita maghala ya nafaka, Norb akanigeukia. "Usinilete tena," akasema.

"Maren atasikitika."

"Mchezo ule hauna mahali pa mtu kukaa."

"Umekaa kwenye benchi muda wote."

"Unajua ninachosema, Alvera."

Nilijua.

Jumapili moja ya Oktoba Maren alikuja kula chakula cha mchana na kucheza karata, kama kawaida yake. Tuna karata zenye namba kubwa ambazo Norb anaziona kwa pembeni, na bado anatufunga. Katikati ya mchezo Maren akasema, bila kuinua uso, "Babu, Jumamosi ndiyo mechi yetu ya mwisho ya nyumbani. Tunaomaliza shule tunasindikizwa mpaka katikati ya uwanja, tunatajwa majina. Baba amesema nichague wa kunishika mkono. Nimekuchagua wewe."

Norb akaweka karata chini. Niliona amefurahi mpaka masikio.

"Jumamosi saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

Akakohoa. Saa hiyo chuo kikuu cha jimbo nacho kingekuwa kinacheza, na tangu utotoni, kwenye redio ya baba yake, hajawahi kukosa mechi. Lakini mimi namjua, haikuwa redio. Redio ilikuwa mahali pa kujificha.

"Nitakusindikiza," akasema. "Nitavaa koti zuri. Halafu nitakaa kwenye gari nisikilize chuo, na wewe utakuja kunihadithia mlivyocheza."

"Sawa, Babu."

Akacheza karata yake, akashindwa, akaenda jikoni kuosha sahani ambazo nilikuwa nimeshaziosha. Nikamfuata.

"Usinililie juu ya sahani zangu."

"Silii."

"Babu yako anakupenda, Maren."

"Najua ananipenda, Bibi. Lakini hanijui." Alikuwa anasugua sahani ileile. "Nikiwa pale uwanjani ndiyo mimi hasa. Hapa mezani mimi ni mjukuu tu, nala kuku, nafungwa karata. Kule watu wananitegemea, naona vitu, najua la kufanya. Yeye hajawahi kuniona nikiwa hivyo, na nikimaliza mwaka huu basi, siendi kucheza popote tena. Ile siku alikuja, lakini hakuwepo."

Nilimshika kichwa nikakilaza begani kwangu, ingawa amenizidi urefu, nacho kinanukia sabuni ya dukani.

Alipoondoka nikamrukia Norb. "Umemuumiza mtoto."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

"Halafu nifanye nini, mama?" Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Nikae pale, kila watu wakinyanyuka niulize nini, nini, kama kasuku? Na wewe uhangaike na mimi. Lile goli lake ulilikosa kwa ajili yangu. Unadhani sikujua? Angalau mmoja wetu amwone. Nikiwa kwenye gari utamwona."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nikaishia kumkorogea kahawa.

Jumamosi ilikuja na jua. Mahindi ya upande wa pili wa uwanja yalikuwa bado yamesimama, yamekauka, yanachakarika kwa upepo. Norb alivaa koti lake la misa, na mfukoni akatia ile redio ndogo yenye waya wa sikio. Len alikuwa kibandani na redio yake mwenyewe, kubwa, ameifungulia mpaka mwisho.

"Wanaanza sasa hivi, Norb!"

"Nina kazi kwanza."

Mtangazaji akataja jina la Maren. Maren akampa Norb mkono, wakaingia uwanjani, mimi na Kurt na mkewe tukiwafuata nyuma. Nilikuwa na hofu asijikwae mbele za watu. Lakini Norb hakutembea kama anavyotembea nyumbani, akipapasa. Alitembea kwa miguu mizito, iliyotulia, na walipofika katikati akasimama kabla Maren hajamwambia.

"Babu, umejuaje ni hapa?"

"Mgongo," Norb akasema.

"Mgongo gani?"

"Uwanja huu una mgongo, umepita katikati kutoka goli hadi goli, ili mvua iteremke pande zote mbili. Ukikaa jukwaani huwezi kuuona. Miguu inaujua." Akausogeza mguu mmoja huku, mwingine kule. "Nimeangushwa sana juu ya mgongo huu. Najua kila pa kuangukia."

Maren akacheka. Watu walikuwa wanapiga makofi, mtangazaji ameshaanza kumtaja msichana mwingine, na wale wawili wamesimama tu wanaongea kama wako nyuma ya zizi.

"Wewe unacheza upande gani?" Norb akamuuliza.

"Hapahapa."

"Hapa? Juu ya mgongo?"

"Juu ya mgongo, Babu. Naenda na kurudi. Wa pembeni wakizidiwa nateremka kuwasaidia, halafu napanda tena. Kocha anasema mimi nikipotea hapa, wote wanapotea."

Norb alikuwa ameangalia pembeni ya sikio la Maren, kwa hiyo nilijua anamtazama usoni. "Sikujua kama mchezo wenu nao una mahali pa mtu," akasema. "Nilidhani mnakimbia tu."

Tukatoka. Nikamshika kiwiko nimwelekeze kwenye maegesho, akagoma kama ndama.

"Nikalishe," akasema.

"Na redio?"

"Watanisimulia nani kashinda. Nikalishe, mama. Halafu nisikilize vizuri. Mpira uachane nao. Sitaki kabisa kujua mpira uko wapi. Niambie yeye yuko wapi."

Filimbi ikalia. Nikajikaza nisiufuate mpira, na si kazi rahisi, maana macho yanavutwa nao yenyewe. Nikamtafuta Maren, nikamshikilia.

"Yuko mgongoni," nikasema. "Amesimama. Mikono kiunoni."

"Sasa?"

"Anatembea."

"Anatembea? Na wenzake?"

"Wanakimbia kama wendawazimu. Yeye anatembea, anatazama nyuma ya bega. Kushoto. Kulia. Kushoto tena."

"Anahesabu," Norb akasema. "Marehemu baba alifanya hivyohivyo ng'ombe wakiwa wanatoka. Watu walidhani amezubaa. Hakuna aliyewahi kumpotea."

"Ameteremka kwetu. Amemwambia kitu yule beki mdogo. Amempiga begani. Amepanda tena."

"Kamwambia nini?"

"Nitajuaje? Mimi niko huku."

"Ungekuwa wewe ungemwambia nini?"

Nikafikiri. "Kwamba asiogope."

"Basi ndicho alichomwambia. Enhe, sasa?"

Hapo ndipo niliposhtuka. Norb alikuwa anaongea, mimi namjibu, na mechi inaendelea, na hatukosi chochote. Mchezo haukuwa na nafasi, lakini Maren alikuwa nazo tele. Muda mwingi mpira hauko naye. Anavuta soksi, anafunga nywele upya, ananyoosha kidole kumwonyesha mwenzake pa kwenda, anacheka na msichana wa timu nyingine waliyegongana naye. Mpira ukimfikia namwambia Norb, "Anao," na mkono wake unanibana goti. "Hanao," na mkono unalegea. Miaka yote niliyomwona yule mtoto akikua, sikujua kwamba akifikiri anauma kola ya jezi. Nilimpenda upya, na moyo ulinijaa hata sauti ikanitetemeka, Norb akaniuliza kama nasikia baridi.

"Chuo kinaongoza!" Len akapayuka kutoka kibandani. "Norb! Umetia pamba masikioni?"

"Nina kazi, nimekwambia!"

"Kazi gani? Hata mpira wenyewe huujui uko wapi!"

"Wala sitaki kuujua!"

Mapumziko Len alikuja kutuletea mikate ya kuku mwenyewe, bure, ili aone kama Norb ni mzima.

Kipindi cha pili Maren aliharibu. Nilimwona vizuri, kwa hiyo siwezi kumtetea. "Anao," nikasema. "Anageuka... kapokonywa. Norb, kapokonywa vibaya." Nikasikia kelele za wageni wetu, nikajua bila kutazama. "Wamefunga."

"Achana na goli. Yeye?"

"Ameinama. Ameshika magoti."

"Bado?"

"Bado. Sasa amenyanyuka. Kipa anaupeleka mpira katikati waanze upya... hapana, yeye hakurudi mgongoni. Ameteremka upande wa mahindi."

"Kufanya nini?"

"Amemfuata yule beki mdogo. Amemshika uso kwa mikono miwili. Anamwambia kitu. Sasa anarudi, anakimbia."

Norb akanigeukia. "Kosa lilikuwa la Maren, si ndiyo?" akauliza.

"La Maren tupu."

"Basi yule mdogo alikuwa anadhani ni lake," akasema. "Maskini."

Baadaye sana, watu wameshaanza kukunja mablanketi, nikasema "Anao," na mara hii hakugeuka, aliupeleka mpira mbele palepale, na msichana mrefu wa kwetu akafunga. Tukawa bao moja kila upande. Wenzake wote walimrukia yule mrefu. Nikamwambia Norb kwamba Maren amebaki mgongoni peke yake, amefumba macho, ameinua uso juani. Kisha filimbi ya mwisho ikalia.

"Sasa wanaongeza muda?" Norb akauliza.

"Hapana. Imeisha."

"Nani kashinda?"

"Hakuna. Ni sare."

"Hakuna?" Aligeuka mzima mzima. "Watoto wamekimbia mchana kutwa, watu tumekaa juani, halafu wanaturudisha nyumbani bila mshindi?"

"Si nilikwambia!" Len akaitikia kutoka kibandani. "Ndiyo maana haitashika nchi hii! Mtu anataka kwenda nyumbani akiwa amefurahi au amekasirika. Huwezi kumpeleka mtu nyumbani nusunusu!"

Wazazi walikuwa wanateremka kwenda uwanjani kupiga picha. Maren akaja kwetu akipanda ngazi polepole, tope limemfika mapajani. Safari hii hakuuliza kitu. Alijiandaa kabisa usoni, kama anayeingia kumwona mgonjwa.

"Asante kwa kukaa, Babu," akasema. "Najua imekuchosha."

Norb akamtazama sikio. "Wale walipofunga," akasema, "uliinama ukashika magoti. Halafu hukurudi mahali pako. Uliteremka upande wa mahindi ukamshika uso yule mdogo. Nilimwambia bibi yako kwamba yule mtoto alikuwa anadhani kosa ni lake. Nilipatia?"

Maren alisimama na chupa ya maji mkononi, hainywi.

"Alikuwa anasema samahani," akajibu. "Alikuwa analia anasema samahani, na ni mimi niliyeupoteza." Akatikisa kichwa. "Hakuna aliyeona hiyo. Hata kocha hakuiona. Wote walikuwa wanaangalia goli."

"Mimi sijui goli liko wapi mpaka sasa," Norb akasema. "Mchezo wenyewe siuelewi, na huo upuuzi wa kutopata mshindi sitauzoea hata nikiishi miaka mia. Wewe nimekuelewa. Kaa hapa. Yule mrefu alipofunga, ulibaki pale umefumba macho. Ulikuwa unafikiria nini?"

Maren akakaa kando ya babu yake na tope lake lote, akafuta pua kwa mkono wa jezi, akaanza kumweleza. Alianza kwa aibu, vipande vipande, halafu akashika kasi, akimchorea kwa kidole kwenye kiganja, na Norb anamkatiza, anauliza hili na lile, anamwambia arudie. Wenzake walimwita mara mbili waende kula, akawapungia mkono waende. Kurt alikuja na kamera, akawatazama, akaishusha. Len alipita na masanduku yake kumpa Norb matokeo ya chuo, akaona hakuna wa kumpa, akanipa mimi.

Nilikuwa nimekaa benchi lilelile nililolikalia maisha yangu yote, mume wangu yuko ubavuni, na hakuna aliyehitaji nimwambie kitu. Nikakunja blanketi, nikaliweka magotini, nikawasikiliza mpaka mtunza uwanja akaja kutuomba tutoke afunge lango.